Nilienda kucheka watu wazima wanaonunua toi za roboti

Wasee, wacha nianze na ukweli. Jumamosi iliyopita sikuenda ile mall kununua kitu. Nilienda kutafuta watu wa kucheka.

Wale mnanifuata mnajua kazi yangu. Naingia mahali bei ziko juu, nashika kitu, nasoma bei kwa sauti, natoa macho, halafu nahesabu hiyo pesa ingenunua sahani ngapi za githeri. Ile video ya mshumaa wa elfu sita ndiyo ilinilipia nyumba mwezi wa nne. Kwa hivyo rafiki yangu aliponitumia picha ya duka la Transformers, duka la wiki mbili tu halafu linafungwa, liko Westlands, mimi nikaona chakula. Watu wazima wenye ndevu wamepanga foleni kununua roboti za plastiki! Kichwa cha video nilikuwa nacho kabla sijavaa viatu.

Duka lenyewe si kubwa. Ni ile nafasi ambayo huwa tupu, leo wanauza mazulia, kesho simu, keshokutwa hakuna mtu. Walikuwa wameweka ubao mkubwa wa Optimus Prime mlangoni, watu wanasimama kando yake kupigwa picha. Upande mmoja fulana, elfu tatu na mia mbili. Vikombe, elfu moja na mia tano. Vishikio vya funguo, mia nane. Wimbo wa katuni ya zamani ulikuwa unarudiwa rudiwa mpaka nadhani dada wa kaunta alikuwa ameacha kuusikia. Nikamuuliza kama naweza kurekodi. Akasema, "Rekodi tu bro, bora usionyeshe sura za watoto." Watoto wenyewe walikuwa wachache. Wengi walikuwa watu wa miaka thelathini na kitu, arobaini, wanashika masanduku kwa mikono miwili kama wamebeba mayai.

Nyuma kabisa kulikuwa na kabati la kioo. Ndani, lori nyekundu yenye trela ya kijivu. 14,500.

Nikawasha kamera. Nikaanza, "Elfu kumi na nne na mia tano, jameni, na hii lori haiwezi kubeba hata gunia la..." Nikakwama hapo. Si kwa sababu ya bei. Ni kwa sababu ya uso wa hiyo lori.

Kama umeona Transformers ya 2007, ile ya Michael Bay, unajua Optimus wa kule ni lori ya Kimarekani, Peterbilt, yenye pua ndefu mbele na moto umechorwa ubavuni. Hizo hapa kwetu huzioni. Simama Mlolongo asubuhi nzima uhesabu malori yanayopita, karibu yote yana uso bapa, dereva amekaa juu ya injini. Sasa Optimus wa kwanza kabisa, wa 1984, alikuwa hivyo. Uso bapa, nyekundu, vioo viwili vikubwa mbele. Kwa maneno mengine, Optimus wa kwanza alikuwa anafanana na lori ya babangu.

Babangu ameendesha trela miaka 26. Mombasa mpaka Malaba, zaidi ya kilomita 900, na wakati mwingine anavuka mpaka Kampala. Nikiwa na miaka tisa, likizo ya Agosti, alinibeba. Nilipanda pale Mlolongo, nikakaa kiti cha tanboi, na alikuwa ameniletea toi kutoka Mombasa. Roboti nyekundu na bluu. Sanduku lilikuwa limeandikwa TRASNFORMER, herufi zimebadilishana mahali. Feki ya feki. Lakini mimi nilikuwa nimeona ile filamu kwa kibanda cha video mtaani, shilingi kumi, na nilijua hii ni Optimus, na Optimus wangu alikuwa na uso bapa kama gari tulilokuwa tumepanda. Nilidhani babangu ameagiza itengenezwe hivyo.

Kabla hatujafika Nakuru mguu ulikuwa umetoka.

Malaba tulikaa siku mbili kwa foleni. Hapo ndipo babangu alichukua hiyo toi, akatoa supaglu kwa kile kisanduku chake cha spana, akaketi kivulini chini ya trela akaurudisha mguu. Tatizo ni kwamba aliugundisha ikiwa imekunjwa, ikiwa lori. Gundi ikakauka. Haikugeuka tena kuwa roboti. Nililia. Akaniambia, "Sasa ni lori. Lori ni kazi." Halafu akaongeza kitu ambacho nimekisikia maisha yangu yote, kwamba mimi sitashika usukani, mimi nitasoma.

Nikarudi kwa kabati la kioo. Kando yangu alikuwa amesimama mzee mmoja, sema mbaba, miaka arobaini na kitu, na msichana wake wa miaka kama minane ambaye alitaka tu kwenda kununuliwa aiskrimu. Huyo mbaba aliona nimezima kamera ghafla. Akaniuliza, "Na wewe ulikuwa nayo?" Nikamwambia nilikuwa na ndugu yake wa Mombasa. Akacheka. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukiamini mpaka nilipokihakikisha usiku.

Alisema, "Unajua huyu mwanzoni alikuwa na dereva?"

Hii ndiyo hadithi. Transformers haikuanza kama Transformers. Kampuni ya Japani inaitwa Takara ilikuwa inauza toi zinaitwa Diaclone. Zilikuwa magari yanayogeuka roboti, lakini hayakuwa na uhai. Yalikuwa mashine tu. Ndani yake kulikuwa na watu wadogo sana, wenye sumaku miguuni, na hao ndio walikuwa wanaziendesha. Halafu kampuni ya Marekani, Hasbro, ikachukua hizo toi pamoja na nyingine za Takara, na mwaka 1984 ikaziuza kwa jina jipya. Marvel ndio waliwapa hadithi na majina. Jina Optimus Prime lilitoka kwa mwandishi wao Dennis O'Neil, na mengi ya yale majina mengine yakatoka kwa Bob Budiansky. Na katika hadithi mpya, roboti wenyewe ndio walikuwa hai. Wanaongea, wanapigana, wana huzuni. Wale watu wadogo wakaondolewa. Baadhi ya zile toi za kwanza zilibaki na nafasi ya dereva ndani, lakini dereva hayupo.

Nikamuuliza huyo mbaba, walimtoa tu hivyo? Akasema, "Walimtoa tu hivyo." Msichana akamvuta mkono wakaenda kwa aiskrimu.

Sasa mimi nimebaki pale, na kwa simu nina 19,000. Hizo zilikuwa pesa za mteja mmoja anayeuza viatu tauni, nimemfanyia video nane. Na hapa lazima niwaambie mambo ya nyumbani, kwa sababu bila hayo hamtaelewa kwa nini nilisimama mbele ya toi nusu saa.

Mwezi wa pili babangu alipimwa macho. Ana mtoto wa jicho, jicho la kulia ndilo baya zaidi. Mwajiri akamwambia apumzike. Kupumzika maana yake ni kazi imeisha. Sasa yuko nyumbani Webuye, na nyumba yetu iko karibu na barabara ya Malaba, kwa hivyo anakaa nje anasikiliza malori yakipita. Mamangu anasema anaweza kukuambia hiyo ni ya aina gani kabla haijafika, kwa mngurumo tu. Upasuaji tunachanga. Dadangu ameshatoa fungu lake. Mimi niliahidi elfu kumi na tano kabla ya mwisho wa mwezi.

14,500 na 15,000. Mnaona mahali nilikuwa.

Nikawaza, nimnunulie. Dadangu nitamwambia anipe mwezi mmoja. Niende nayo Webuye, nimpe, aishike, aone ni ile yenyewe, orijino, ya kugeuka. Nikaona atakavyoigeuza geuza mikononi. Nikajiona nimesimama mbele yake. Na nikaona nimeshika simu. Narekodi. Nilikuwa nimeshaandika na kichwa: "Nilimnunulia babangu lori baada ya kupoteza kazi." Hiyo video ingefanya vizuri kuliko mshumaa. Najua. Hiyo ni kazi yangu, najua nini watu wanatazama mpaka mwisho.

Nilisikia vibaya. Siwezi kusema vingine.

Kwa sababu kuna deni lingine. Nilikuwa nasoma uhandisi wa umeme. Mwaka wa tatu, semesta ya pili, babangu alinitumia karo akiwa Mtito Andei. Elfu thelathini na moja. Alipiga baada ya kutuma, akasema, "Usichelewe kulipa." Sikulipa. Nilinunua simu ya mkono wa pili yenye kamera nzuri, na sikurudi darasani. Kwa mwaka mmoja na kitu, kila akipiga aliuliza mtihani ulikuwaje, na mimi nikasema fiti. Alijua vipi? Alijua kwa sababu alinipigia kuuliza tarehe ya mahafali, ili aombe likizo mapema. Alikuwa ameshamwambia bosi wake. Alikuwa ameshapimwa suti.

Tangu siku hiyo tunaongea kwa simu dakika moja. Habari ya huko. Salama. Umekula. Nimekula. Haya basi.

Kuna watu mtandaoni watakwambia acha chuo, chuo ni utapeli, angalia fulani na fulani walivyoacha na wakatajirika. Mimi niliacha na siwezi kukwambia hivyo. Kazi yangu naipenda na inanilisha, miezi mingine. Lakini mimi sikuacha chuo tu. Nilikula karo ya mtu aliyekuwa analala chini ya trela ili aitume. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiongea kuhusu la kwanza ili nisiongee kuhusu la pili.

Nikatoka nje ya duka, nikasimama karibu na zile ngazi zinazojiendesha, nikampigia.

"Baba, habari ya nyumbani?"

"Salama. Umekula?"

"Nimekula. Baba, unakumbuka ile roboti ya Malaba?"

Kimya kidogo. Nikasikia lori ikipita upande wake.

"Ile ya mguu?"

"Hiyo hiyo."

"Si iko hapa juu ya kabati. Mamako amekataa kuitupa. Imebaki na tairi tatu."

"Niko mahali wanauza ile yenyewe. Orijino."

"Pesa ngapi?"

"Kumi na nne na nusu."

Babangu alicheka. Sijui mara ya mwisho nilimsikia akicheka ni lini. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akauliza, kwa sauti ya kazi kabisa, "Na inabeba tani ngapi?"

Nikamwambia haibebi. Akauliza, "Na dereva anakaa wapi?"

Wasee, sikumwambia kitu bado. Aliuliza mwenyewe. Nikamweleza ile hadithi ya Japani, wale watu wadogo wenye sumaku miguuni, na vile Wamarekani waliwaondoa roboti zikaanza kujiendesha. Alisikiliza yote. Halafu akasema, "Sasa ikifika Malaba, nani anashuka na makaratasi?"

Tukacheka wote. Na kwa sababu tulikuwa tunacheka, nikaona kama sitasema sasa sitasema tena.

"Baba, ile karo ya Mtito Andei."

"Eeh."

"Nilinunua simu."

"Najua. Dadako aliniambia kitambo." Akanyamaza. "Ndiyo hii unanipigia nayo?"

"Hapana. Ile iliibiwa kwa matatu."

Kimya. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayejaza fomu, "Kwa hivyo hatuna karo, na hatuna simu."

Sikujua kama nicheke. Nikasema pole, Baba. Sikuwa nimewahi kulisema hilo neno. Nilikuwa nimemweleza, nilikuwa nimejitetea, nilikuwa nimemtumia viungo vya video zangu ili aone ninafanya kazi. Lakini pole sikuwa nimesema.

Akasema, "Shida si simu. Ungeniambia, ningekataa. Lakini ningekataa nikiwa najua. Mimi niliomba ruhusa kwa mtu, nikamwambia kijana wangu anafuzu."

"Najua."

"Sawa." Halafu akasema tena, "Sawa." Hiyo sawa bado sijui ni ya aina gani. Nitajua nikifika nyumbani.

Kabla hajakata aliniambia nisinunue hiyo toi. "Niletee tairi," akasema. "Moja tu. Uangalie kama wanauza tairi."

Nilirudi ndani nikamuuliza dada wa kaunta kama wanauza tairi moja. Aliniangalia kama mtu aliyechoka. Hawauzi. Nikamtumia babangu elfu kumi na tano nikiwa bado nimesimama pale mbele ya Optimus, na ujumbe ulipoingia nikaonyesha ule ubao mkubwa simu yangu kama mwendawazimu. Halafu nikaenda kupanda matatu.

Sasa maoni yangu, kwa sababu mlikuja kwa maoni.

Nilienda kucheka watu wazima wanaonunua toi. Sitawacheka tena, lakini sitawadanganya pia. Ile katuni ya 1984 ilitengenezwa ili toi ziuzwe. Hilo si siri. Mwaka 1986 walitoa filamu wakamuua Optimus Prime mapema kabisa katika hadithi, na sababu kubwa ilikuwa ya kibiashara. Toi za zamani zilikuwa zinatolewa sokoni na wahusika wapya walihitaji nafasi. Watoto walilia ndani ya sinema. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka 1987 wakamfufua kwenye katuni. Yaani mtu aliketi ofisini akaona Optimus ni bidhaa ya mwaka jana, na mtoto aliketi sinema akaona amefiwa. Wote wawili walikuwa wanaangalia kitu kimoja.

Mimi niko kwa biashara hiyo hiyo. Nauza vile watu wanavyojisikia. Na sauti ya Optimus yenyewe, yule Peter Cullen anayeitoa tangu 1984, amesimulia mara nyingi kwamba aliichukua kutoka kwa kaka yake Larry, aliyekuwa mwanajeshi wa majini Vietnam. Hata ndani ya tangazo la toi kuna kaka wa mtu. Kwa hivyo ukimwona mbaba wa miaka arobaini ameshika sanduku kwa mikono miwili, hujui ameshika nini. Mimi pia sikujua, na nilikuwa nimeshaweka kamera usoni mwake.

Kama una pesa yako na hujala ya mtu, nunua. Duka liko pale mpaka Jumapili. Kama kuna deni umeliacha mahali, na unajua ni la nani, mpigie kwanza. Hata kama ataanza kwa kukuuliza umekula.

Na kama kuna mtu ana tairi ndogo nyeusi ya lori ya plastiki, upana wa kidole gumba, aniambie. Naenda Webuye tarehe tatu. Ndiyo maana wiki hii hakuna video.